Fundi kompyuta wa Rwagasore: pitia kwake kabla hujakubali kupigiwa window mpya

Wenye haraka nawapa jibu kabisa: nyota nne kati ya tano. Hiyo moja niliyomnyima nitaisema, ila kama mashine yako ukiwasha inagoma na kuleta maandishi kwenye skrini nyeusi na humo ndani una vitu vya maana, kwa hapa Mwanza mi ndo namwamini huyu.

Duka lenyewe halina jina. Kibao kimeandikwa tu fundi kompyuta, simu, printa, basi. Liko ghorofani Mtaa wa Rwagasore, ngazi zenyewe nyembamba mkikutana wawili mmoja arudi, na kama umebeba desktopu na monita yake jiandae kutoka jasho.

Mi nina stesheneri Nyegezi, wateja wengi wanachuo wa SAUT, kwa hiyo laptopu ya kazini ina madaftari yangu yote ya hesabu, fomu, riserchi za watu zinazosubiri kuprintiwa, kila kitu. Ni HP yenye prosesa ya i5 kizazi cha 6, ya siku nyingi, betri ilishakufa inatumia umeme wa ukutani moja kwa moja. Siku hiyo naiwasha inaniletea Boot Device Not Found, na chini yake namba 3F0. Fundi wa kwanza wa mtaani kwetu, simtaji, hakuigusa hata kibodi, akasema dada hiyo window imekufa lete elfu 20 nikupigie nyingine, nauliza na mafaili yangu je, ananiambia ah hayo ndo hivyo tena. Nikafunga mashine nikapanda daladala za mjini.

Huyu wa Rwagasore swali lake la kwanza lilikuwa "dada'angu kuna data unazitaka humu?" Nikasema zote. La pili, "iliandika nini, maneno yenyewe, siyo ulivyoelewa." Nilikuwa nimepiga picha kwa simu, akafurahi kweli, akasema watu wengi wanakuja na "iliandika error" na hapo anaanza kubahatisha. Na kumbe yale maandishi yanatofautiana sana jamani. Ikiandika BOOTMGR is missing maana yake mara nyingi diski inaonekana vizuri tu ila mafaili ya kuamshia window yameharibika au hayapo, hilo linatengenezeka bila kufuta kitu. Ikiandika Reboot and select proper boot device inaweza ikawa ni fleshi tu umeisahau kwenye USB na mashine inahangaika kuwakia humo, chomoa, washa upya, unaenda zako bila kumlipa mtu. Ile 3F0 ya HP ni kwamba mashine haijaona diski yoyote ya kuwakia. Na ukikuta namba 301 kwenye HP, hapo diski yenyewe imejipima ikasema naelekea kufa, hiyo usicheze nayo, nakili vitu vyako siku hiyohiyo.

Sa kilichonifanya niandike hii rivyuu ni mpangilio wake wa kazi. Hakukimbilia bisibisi. Akawasha huku anabonyeza F10, akaingia kwenye BIOS, ile sehemu ya mipangilio ya mashine yenyewe kabla window haijawaka, kuangalia kama diski imeorodheshwa, mara ya kwanza haipo, akazima, akawasha tena, ipo! Akasema inayoonekana na kupotea hiyo ama waya umelegea ama diski imechoka, ndo akafungua. Ndani kuna kile kiutepe kinachounganisha diski na bodi, akakichomoa, akakifuta, akakirudisha. Diski ikaonekana kila mara, na mafundi wengi hapo wangeshasema tayari dada lete hela.

Yeye akawasha mashine kwa fleshi yake yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, bila kuigusa window yangu, akanigeuzia skrini nione mwenyewe ripoti ya SMART, yaani kumbukumbu ambazo diski inajiandikia kuhusu afya yake. Akanionyesha mstari namba 199, huo ukipanda shida huwa ni waya, wangu ulikuwa umepanda kweli. Ila akashuka na namba 5 na 197, hizo ni sehemu za diski zilizokufa zikahamishwa na zile zinazosubiri kufa, na zenyewe hazikuwa sifuri. Kwa hiyo nilikuwa na matatizo mawili kwa pamoja, na angeishia kwenye waya ningerudi Nyegezi nashangilia halafu baada ya muda nalia.

Nikamwambia si kuna ile ya kurepea diski, chkdsk, mbona watu wanaitumia. Akakataa katakata. Akasema ile inarekebisha mpangilio wa mafaili, haiponyi diski, na diski inayokufa ukiilazimisha isomwe yote huku unaandika juu yake unaweza ukaimalizia hapohapo, cha kwanza ni kunakili halafu marekebisho yafanyike kwenye nakala. Akatumia programu inaitwa ddrescue, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, zile ngumu inaziacha inarudi kuzihangaikia mwishoni, kama mtu anayevua miba kwenye sato anaanza na minofu. Ililala inafanya kazi usiku kucha. Akaongeza kwamba diski ikianza kupiga kelele za tik tik tik we zima papo hapo, hata yeye haigusi, hiyo ni ya wenye vifaa vya kufungulia diski, na gharama zake utakaa chini.

Nakala ikaenda kwenye SSD mpya ya GB 256, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, akafanyia chkdsk humo, mashine ikawaka na window yangu ileile, mafaili yangu, mpaka picha ya nyuma ya skrini. Vilivyopotea ni vipicha vichache tu na faili moja la zamani. Spidi sasa, jamani, ile HP nilitaka kuiuza! Diski ya zamani ya kuzunguka inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde hivi, hizi SSD za aina ya SATA zinafika hadi 500 na kitu. Na hapo pia nampa maua yake, hakunipa tu SSD kwenye boksi, aliijaza yote na H2testw, programu ya kupima kama nafasi ni ya kweli, mbele yangu ndo akaanza kazi, maana kuna fleshi na diski feki zinazojitangaza GB 256 na ndani kuna kiduchu, unagundua siku mafaili yamejiharibu.

Gharama: kuangalia elfu 10, SSD elfu 75, kazi yote na kunakili elfu 40. Jumla 125,000. Siyo bei ya chee, na nilivuta pumzi kabla ya kulipa, ila linganisha na kuandika upya madaftari.

Kidogo kuhusu desktopu, maana nilimpelekea na ile ya duka akiwa bado na laptopu. Kila TANESCO wakikata, ukiwasha saa inarudi miaka ya nyuma na mashine inaleta skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mi najua ni diski nyingine tena. Kumbe ni betri ya kwenye bodi, ile ya duara kama shilingi, CR2032, imeisha, umeme ukikatika BIOS inasahau mipangilio, na Dell yangu ilikuwa inarudisha diski kwenye RAID wakati window iliwekwa ikiwa AHCI, hizo ni namna mbili tofauti za mashine kuongea na diski. Akabadilisha betri, akairudisha AHCI, elfu 5 nimemaliza. Hakuuza diski ambayo siihitaji, na angeweza, ningemwamini tu.

Halafu wakati nasubiri alikuja kijana na laptopu imeganda inadai tarakimu 48 za BitLocker, ile kufuli ya window inayofunga mafaili yote, kuna mtu alikuwa ameingia BIOS akabadilisha vitu bila kuuliza. Fundi akamwambia aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft kwa simu, wakazikuta humo. Bila hizo namba, mafaili yaliyofungwa na BitLocker hakuna fundi wa kuyafungua, awe wa Mwanza awe wa Dar. Kwa hiyo kama mashine yako inayo, zitafute uziandike kabla hujaenda kwa fundi yeyote.

Sa ile nyota moja. Kwanza mezani kwake kuna diski za watu zimelala ovyo, hazina lebo. Nilimwambia abandike jina langu kwenye yangu akacheka, lakini alibandika, nanyi mwambieni. Pili, nakala ya vitu vyako inabaki kwenye diski yake ya kazi mpaka umkumbushe. Nilimwomba aifute nikiwa nimesimama pale, akafuta bila kununa, ila kitu kama hicho mteja asingepaswa kukumbusha, mle kuna vyeti vya watu na namba za NIDA. Tatu simu hapokei kabisa, aliniambia jioni nikaenda jioni haijaisha, nauli ya Nyegezi imeliwa bure. Risiti anaandika ukiomba tu, iombe, waranti ya SSD ya mwaka mmoja kaiandika humohumo kwa mkono.

Nilimuuliza pia kuhusu Window 11, akasema kizazi cha 6 hakiko kwenye orodha ya Microsoft, wanaanzia cha 8, na Window 10 walishaacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna njia za kuilazimisha ila hanishauri kwa mashine ya biashara. Alinishauri ninunue UPS, kile kiboksi cha betri kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, kwa ajili ya desktopu na betri mpya ya laptopu, kwa sababu umeme kukatika ghafla mashine ikiwa katikati ya kuandika ni chanzo kikubwa cha mafaili ya mfumo kuharibika. Betri nimeshachukua, UPS naisubiria mwezi ujao.

Jumapili hafungui. Jumamosi fika mapema, kuanzia saa 5 kunajaa wanachuo na simu zao na kiti cha kusubiria ni kimoja.