Memoir '44 barazani Mwananyamala: miezi minane, mzinga mmoja umepotea

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza nililoulizwa nyumbani. Kutoka kwa muuzaji wa nje mpaka mkononi mwangu, Memoir '44 imenitoka zaidi ya laki tatu na nusu, na sehemu kubwa ya hiyo ni usafiri. Kariakoo nilizunguka siku nzima nikaonyeshwa drafti, ludo na karata za kawaida, basi. Nikaagiza. Kijana wa kwenye ofisi ya mizigo alisoma karatasi, akakuta maneno ya askari na vifaru, akaniita pembeni kwa sauti ya chini: "Kaka, hiki ni nini hasa?" Nikamfungulia boksi. Akachukua kifaru kimoja cha plastiki, akakisukuma taratibu juu ya kaunta mpaka kikagonga stepla, akacheka, akapiga muhuri. Kona moja ya boksi ilikuwa imebonyea. Ndani kila kitu kilikuwa kizima.

Kwa asiyeujua: ni mchezo wa vita wa mezani, wa watu wawili, uliobuniwa na Richard Borg na kutolewa na Days of Wonder mwaka 2004. Unaigiza mapambano ya Vita Kuu ya Pili. Ubao una vyumba vya pembesita kama sega la nyuki, na umegawanywa mara tatu: ubavu wa kushoto, katikati, ubavu wa kulia. Kikosi cha askari wa miguu kina watu wanne, cha vifaru kina vitatu, cha mizinga kina miwili. Husogezi unachotaka. Karata ya mkononi ndiyo inayokwambia: vikosi viwili vya kushoto, au vitatu vya katikati, ukimaliza kaa. Kila kikosi cha adui unachokifuta ni medali, na anayetimiza medali zake kwanza ndiye mshindi. Pambano letu la kwanza lilikuwa lile la daraja la Pegasus, Normandy, usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, Waingereza waliposhuka kwa ndege zisizo na injini. Tulilimaliza ndani ya saa moja, na hiyo ni pamoja na kubishana.

Sasa niseme kwa nini mchezo huu na si mwingine, maana wenzetu wanaoujua ulimwengu huu wataniuliza mbona nimechagua chepesi. Tulianza na kigumu. Dogo mmoja wa chuo anayekuja kucheza nasi alileta Advanced Squad Leader, mrithi wa Squad Leader ya John Hill ya mwaka 1977. Ni mchezo wa heshima, sina la kuusema vibaya. Lakini vipande vyake ni vikadibodi vya mraba, vidogo kuliko kizibo cha soda, na unavipanga kimoja juu ya kingine kwenye ramani. Ilikuwa Februari. Saa mbili usiku shati limeshika mgongo. Umeme ulikuwa umekatika, tukawa tunacheza kwa taa ya kuchaji, na hakuna aliyekumbuka kwamba feni ilikuwa imeachwa kwenye namba tano. Umeme uliporudi mtaa mzima ulishangilia isipokuwa sisi. Kampuni nzima ya Warusi iliingia chini ya kochi. Tukapiga magoti na tochi za simu, na kile tulichokiokota hakuna aliyekumbuka kilikuwa kimesimama wapi.

Askari wa plastiki hawapeperuki. Kwa mji huu, hilo peke yake lina uzito. Karata ndizo zinazoteseka: karata 60 za amri, na kwa unyevu wa pwani zinaanza kulegea na kunatana kama chapati za jana. Nunueni vifuko vya plastiki vya kuzivalisha kabla hamjacheza hata mara moja. Mimi nilichelewa, na karata mbili sasa tunazitambua kwa mgongo.

Aliyenifanya niujue mchezo huu vizuri ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye kwenye bao mtaa mzima unamwogopa. Wiki ya kwanza alikuja kutazama tu. Alipoona dadu akainuka, akavaa kandambili zake. "Hii kamari," akasema. "Bao halina dadu. Kete 64, zote ziko mbele ya macho yako. Ukifungwa, umefungwa na akili ya mwenzio." Sikumjibu. Ni mkubwa wangu, halafu hoja alikuwa nayo.

Wiki iliyofuata alirudi, akisema amefuata kahawa. Akacheza. Akafungwa mara tatu mfululizo, na kila mara alitazama dadu kama mtu anayetazama mbwa wa jirani. Kabla ya mara ya nne akaomba kalamu, akageuza kalenda ya zamani, akaandika. Dadu ya mchezo huu ina pande mbili za askari wa miguu, moja ya kifaru, moja ya bomu la mkono, moja ya bendera, moja ya nyota. Bomu linapata chochote, bendera inamrudisha mtu nyuma, nyota kwa kawaida ni patupu. Kwa hiyo, akaandika, ukimpiga askari wa miguu, kila dadu ina nafasi tatu kati ya sita. Kifaru, mbili. Mzinga, moja tu. Akalikunja karatasi, akalitia mfuko wa shati.

Kisha akawaingiza watu wake msituni, wote, na kukaa. Vifaru kwa kawaida vinapiga dadu tatu, iwe karibu, iwe mbali mpaka mwisho wa masafa yake. Lakini vikimpiga aliye msituni vinapoteza dadu mbili. Nilikuwa na vikosi vitatu vya vifaru, jeshi la kutisha, na kila nikifika mlangoni kwake narusha dadu moja moja kama konda anayehesabu chenji ya mwisho. Wakati huohuo mizinga yake iko kilimani nyuma, inanipiga juu ya vichwa vya watu wake, kwa sababu mizinga haihitaji kumuona adui na wala haijali msitu. Medali zake zikatimia mimi nina moja.

"Mwanangu," akaniambia huku anapanga upya vijisanamu vyake, "mimi sichezi dadu. Mimi nazipunguza zako."

Tangu siku hiyo neno kamari halijatajwa barazani kwetu. Na kwa mtu anayesita kununua kwa sababu ya dadu, nakupa jibu lake hilo, mimi sina bora zaidi.

Karata ni kesi nyingine. Hapo nina kinyongo. Nimewahi kukaa na karata tano mkononi, zote za ubavu wa kulia, huku ubavu wangu wa kushoto unateketea na siwezi kumwambia mtu hata mmoja asogee hatua moja. Unatoa karata ya kulia, unasogeza watu wasio na shida yoyote, unaokota nyingine: kulia tena. Fundi friji, mwenzetu wa tatu, anasema hapo ndipo utamu ulipo. Mwalimu anamuunga mkono kwa sababu yake mwenyewe: baba yake alikuwa Keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Waafrika, akapelekwa Burma, na alikuwa akisimulia kwamba amri zilifika wakati watu wa kuamriwa wameshaondoka. Sawa, nimeelewa. Bado kuna usiku nimelala na hasira. Ninatoa nyota nne, ya tano imebaki kwenye zile karata za kulia.

Halafu ni mchezo wa wawili, na barazani kwetu hakuna kitu cha wawili. Ukifungua boksi wanakuja sita, na wanne wanatazama na kufundisha kwa nguvu. Tumetafuta njia. Kila upande unakuwa na mkuu mmoja mwenye karata zote na makamanda wawili au watatu, kila mmoja na ubavu wake. Mkuu haruhusiwi kusema. Anakabidhi karata tu, na kamanda anafanya anavyoelewa yeye. Ni hapo utakapomwona mzee wa watu ameshika kinywa kwa mikono miwili, macho yametoka, kwa sababu Fundi anatoa vifaru kwenye mji aliokuwa ameambiwa, kwa macho, asiuache.

Kwenye boksi la msingi kuna Wamarekani wa kijani na Wajerumani wa kijivu. Sisi hatumo. Kuna maboksi ya nyongeza ya Pasifiki, ya upande wa Urusi, ya Mediterania, lakini mkobani kwangu hela ya hayo haipo. Ubao una pande mbili, na upande mmoja una ufukwe. Dogo wa chuo ndiye aliyetazama ule ufukwe akasema: "Tanga."

Tukatengeneza pambano la Tanga la Novemba 1914, la Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walileta kama watu 8,000 kutoka India kwa meli, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawapokea na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, na baada ya siku chache waliokuja walirudi melini. Vifaru tuliviacha ndani ya boksi, maana havikuwepo. Waingereza tuliwapa vikosi vingi lakini karata tatu tu, kwa sababu uongozi wao ulikuwa wa kubahatisha. Upande wa pili vikosi vichache, karata sita. Hiyo tofauti ya karata ndiyo dawa ya mchezo huu, inakufanya uhisi jeshi kubwa lisilojua linakwenda wapi. Mwalimu alisema akipita mjini na kuiona Sanamu ya Askari pale Samora sasa anamtazama yule bwana kwa jicho la kumhesabia dadu.

Halafu nyuki. Tanga nyuki walitoka kwenye mizinga yao wakauma kila mtu, wa pande zote. Ile nyota isiyo na kazi tukaipa kazi: ikitoka wakati mnapigania chumba cha msitu, ni nyuki, na pande zote mbili zinarudi nyuma chumba kimoja. Jumamosi iliyopita Fundi alikuwa Mwingereza. Alikuwa amebakiza medali moja, askari wake wameshika msitu wa ukingoni mwa mji, akarusha dadu tatu juu kabisa zikagonga dari.

Nyota, nyota, nyota.

Watu wake wakarudi nyuma mpaka majini. Katika makelele hayo mzinga mmoja wa kijivu ulianguka na mpaka leo haujaonekana. Tunamshuku kuku. Kwa sasa nafasi yake imeshikwa na komwe moja kutoka kwenye bao la Mwalimu, na Fundi anataka marudiano wiki hii, kwa sharti nyuki wapunguzwe.