Honda CRF250R jijini Dar es Salaam: pikipiki ya mashindano isiyofaa lami

Wanunuzi wa Dar es Salaam wanaoikuta Honda CRF250R ikiuzwa huuliza karibu swali moja: ikifungwa taa, honi na saitimira, je, haitaweza kupita Barabara ya Bagamoyo kama pikipiki nyingine? Nimeiendesha kwenye mchanga wa Kigamboni, na jibu langu ni hapana, ingawa ni mojawapo ya pikipiki bora nilizowahi kupanda.

Injini yake ni ya sentimita za ujazo 249, na uzito wake ni takriban kilo 104. Shokapu zake husafiri kiasi cha sentimita 30, kwa hiyo matuta ambayo yangemrusha dereva wa bodaboda huyapita huku mikono ikiwa imetulia. Kiti chake kina kimo cha sentimita 96 hivi, na mtu mfupi hufikisha chini ncha za vidole tu. Katika mchanga mzito sijaona ya kuishinda.

Wepesi huo umepatikana kwa kuondoa kila kisichomsaidia mshindani, zikiwemo taa, indiketa, honi, spidomita, hata stendi ya pembeni. Wanaosema kwamba fundi atavirudisha kwa siku moja hawaangalii ndani. Mfumo wake wa umeme umepimwa kwa ajili ya kuwasha injini na kuiendesha, wala haukukusudiwa kubeba mzigo wa taa kubwa usiku kucha. Kitovu cha gurudumu la nyuma hakina zile raba zinazopunguza mshtuko wa cheni katika pikipiki za barabarani. Mchangani tairi huteleza na mshtuko hupotea, lakini juu ya lami tairi hushika, na nguvu yote hurudi kwenye cheni, sproketi na gia. Tairi zenyewe zina meno yaliyotengana, hivyo mvua ya masika inapolowesha lami, sehemu inayogusa barabara ni ndogo mno kwa mtu anayelazimika kufunga breki ghafla nyuma ya daladala. Zaidi ya hayo, matengenezo ya injini hii huhesabiwa kwa saa za kazi wala si kwa kilomita, na pistoni ni kipuri cha kubadilishwa mara kwa mara. Anayetoka Mbezi kwenda Posta kila siku ataimaliza mapema sana.

Nchini Marekani, pikipiki hii huuzwa kwa ajili ya mashindano ya viwanja vilivyofungwa, bila dhamana ya kiwanda, na kwa sababu hiyo husamehewa masharti ya moshi ambayo pikipiki za barabarani hulazimika kuyatimiza. Masharti ya kelele ya huko, ambayo kwa pikipiki za barabarani ni desibeli 80, nayo hayakuwa kipimo cha ekzosi yake. Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka chombo kisajiliwe, na pikipiki hupewa na TRA namba inayoanza na MC. Masharti ya usajili, pamoja na yale ya taa na indiketa kwa pikipiki za barabarani, nayaunga mkono kwa dhati, kwani mama anayevuka barabara Mbagala saa mbili usiku ana haki ya kuiona pikipiki inayomjia na kujua inakata kona upande gani.

Mwenye kutaka pikipiki moja ya lami na vumbi aitazame CRF300L. Ina sentimita za ujazo 286 na kilo 142, na imetoka kiwandani na taa, indiketa na spidomita, pamoja na injini iliyokusudiwa safari ndefu. Haitaruka kama ndugu yake, na kilo 38 zaidi utazihisi mchangani, lakini ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi.

CRF250R nampendekezea mwenye uwanja wa kuchezea na kirikuu cha kuibebea. Kabla ya kulipa, aulize injini imefanya kazi saa ngapi na pistoni ilibadilishwa lini. Muuzaji akishindwa kujibu, gharama ya pistoni mpya na kazi ya fundi ipunguzwe kwenye bei.