Nyimbo 17 au 18? Toleo lipi la Boards of Canada ununue

Nina sidii mbili za Music Has the Right to Children, na sitoi hata moja. Boards of Canada ni ndugu wawili wa Scotland wanaotunga muziki wa kielektroniki, Michael Sandison na Marcus Eoin. Albamu hii ilitoka Uingereza Aprili 1998 kupitia lebo za muziki Warp na Skam ikiwa na nyimbo 17. Baadaye mwaka huohuo lebo ya Matador wakaitoa Marekani, wakaongeza wa 18, "Happy Cycling". Warp walipoitoa upya 2004, wimbo huo nao ukaingia.

Utasema, wimbo mmoja tu, kuna tofauti gani? Ipo, tena kubwa. Toleo la mwanzo linaishia kwa sauti ya mtu ikitangaza kwa upole kwamba onyesho limekwisha, kisha kimya. Kimya kile nakipenda mno. Kwenye toleo la pili ngoma zinaanza upya, na juu yake sauti kama za ndege wa baharini. Wimbo ni mzuri, ila ni kama mgeni aliyekwisha kuaga, halafu akarudi kukaa.

Mengine ni yaleyale, na ni ya ajabu. Sikiliza "Roygbiv" kwa vipokea sauti vya masikioni: besi nzito inatangulia, kisha kinanda kinayumba kama kaseti iliyosahauliwa juani. Dakika mbili na nusu tu! Kila mara naurudisha.

Kama ndiyo unaanza, chukua la 2004. Lakini siku ya kwanza, uzime baada ya wimbo wa 17.