Nilienda kuchomwa sindano za aleji, nikaachwa peke yangu nazo puani

Jamani ngoja niseme maana bado linaniuma. Mimi nina aleji ya pua tangu utotoni, vumbi kidogo tu chafya kumi mfululizo, usiku nahemea mdomo. Napuliza dawa puani kila siku na siku zikiwa mbaya naongeza kidonge cha aleji, setirizini, zinasaidia ila hazimalizi, ndo nikaona niongezee akupancha, zile sindano za Kichina. Niongezee, sio nibadilishe, na mchomaji nilimwambia hivyohivyo siku ya kwanza.

Sindano zenyewe hazina shida, nyembamba kama unywele, paketi mpya anafungua mbele yako. Mbili pembeni ya matundu ya pua, moja katikati ya nyusi, nyingine mkononi pale kati ya kidole gumba na cha shahada, unalala nazo kama dakika 20 hivi. Ya mkono inaleta ganzi nzito, za pua ndo zinatoa machozi.

Sasa siku hiyo, sijui mara ya nne au ya tano, kanichoma akatoka akafunga mlango. Kengele hakuna, simu iko kwenye mkoba. Chafya ikaanza kuja. Mwenye aleji anaijua ile, pua inakutekenya polepole, macho yanajaa maji, na mimi hapo nina sindano mbili puani na mkono naogopa kuuinua. Nikaita. Nikaita tena. Chafya ikatoka, sindano moja ikaning'inia, nyingine ikadondokea shingoni. Anarudi ananiambia "si ungejikaza kidogo." Nijikaze?? Nimekuja kwako kwa sababu ya chafya halafu nijikaze! Pole hakuna, hata pamba ya kufuta damu nimeomba mwenyewe. Akamalizia, "bado unapuliza zile dawa? Ndo maana huponi, tupa."

Hapo ndo nilipandwa na hasira kabisa. Kabla ya kwenda nilisoma ule utafiti wa Ujerumani uliotoka 2013, watu 422 wenye aleji ya chavua, setirizini waliruhusiwa wote, vipindi 12 ndani ya wiki 8, waliochomwa kweli wakapata nafuu na vidonge wakapunguza kuliko waliochomwa za kuigiza na wasiochomwa, ila kufika wiki ya 16 tofauti kati yao haikuonekana tena. Hakuna aliyeambiwa tupa. We unanitupisha dawa kwa msingi gani?

Nilitaka niandike msiende kabisa, ni kupoteza muda. Lakini siwezi kudanganya, wiki zile nililala mdomo umefungwa, na setirizini kuna siku nyingi sikuigusa. Inawezekana ni sindano, inawezekana vumbi lenyewe lilikuwa limepungua. Na hilo ndo linaniuma zaidi, kitu kinaanza kukusaidia halafu mtu anakiharibu kwa dharau.

Kwake sirudi. Kwa mwingine labda, akikubali kukaa humohumo chumbani, na dawa yangu inabaki kwenye mkoba.