Kona ya ghafla: moteli za saa tatu za Manila

Wafilipino wana msemo wao wa kuingia moteli: biglang liko, kona ya ghafla. Gari linakwenda zake barabarani kama la mtu yeyote, likifika kwenye ukuta mrefu linakata kona na kumezwa. Santa Mesa, Pasay na Pasig ndiko zinakojulikana zaidi. Tunazopima hapa ni zile zenye gereji, zinazokodisha chumba kwa saa 3, 12 au 24. Mteja analipia sitara kuliko kitanda, na kwa sitara tunazipa nyota nne kati ya tano.

Geti la kuingilia silo la kutokea, kwa hiyo magari hayakutani uso kwa uso. Mlinzi anaonyesha gereji iliyo wazi. Ukishaingia, mlango wa kukunja unashushwa nyuma yako (za zamani zina pazia zito). Ngazi ya kwenda chumbani iko humo humo gerejini. Hakuna ukumbi wa mapokezi wala shangazi wa mtu aliyekaa kwenye kochi. Mhudumu anagonga, anapokea pesa, anaondoka. Chakula kinapitia kwenye kisanduku cha ukutani chenye vilango viwili: yeye anafungua cha nje, anaweka sahani ya tapsilog (nyama, wali wa kitunguu saumu na yai), anafunga, wewe unafungua cha ndani. Hamwonani. Nembo ya Victoria Court, mojawapo ya kampuni za moteli hizi, ni mwanamke aliyeweka kidole mdomoni, nayo inaeleza biashara nzima.

Lipa taslimu. GCash, pesa za simu za huko, huacha ujumbe, na simu ina wasomaji wengi. Saa huanza kuhesabiwa unapoingia, hujavua hata viatu. Piga simu ya kutoka dakika kumi kabla, maana mlango hauinuliwi mpaka taulo na rimoti zihesabiwe. Anayengoja dakika ya mwisho ndiye anayetozwa saa ya ziada. Epuka wikiendi zinazofuata tarehe 15 na 30, siku za mishahara, na usiku wa 14 Februari usijaribu kabisa. Foleni hufika barabarani, kila dereva anatazama dashibodi yake.

Ukuta wote huo unalinda hiya, neno la Kitagalog ambalo sikioni mwa Mswahili ni haya tupu, na maana zake ziko jirani. Sheria nayo inaujua mchezo. Kwa kanuni ya adhabu ya 1930, mke wa mtu hushtakiwa kwa tendo moja tu la uzinzi. Mume yeye ni mpaka amweke hawara katika nyumba ya ndoa, aishi naye kwingine, au alale naye katika mazingira ya kashfa. Yaani kosa la mume linangoja mashahidi. Na talaka hakuna, isipokuwa kwa Waislamu.

Hata hivyo, kudhani kila gari limebeba wazinzi ni kuwaonea. Wapo mume na mke halali wanaoishi nyumba moja na wazazi, wadogo zao na wapwa, ukuta wa mbao kati yao. Mwaka 1992 Jiji la Manila lilipiga marufuku kukodisha chumba chini ya saa 12, au zaidi ya mara mbili kwa siku. Mahakama ya Juu ya Ufilipino ikaifuta amri hiyo mwaka 2009, na majaji wakawataja pia wasafiri wanaotaka kuoga na familia zinazokimbia nyumba zilizokatika umeme.

Sasa kasoro. Vyumba vingi havina dirisha la maana, kwa hiyo kabla ya kulipa tafuta mlango wa dharura na uujaribu kama unafunguka. Moto wa hoteli ya Manor, Quezon City, Agosti 2001, uliua watu zaidi ya 70, na nondo za madirishani zilichangia.

Nyota ya tano imepotelea kwa asiye na gari. Anayekuja kwa jeepney, daladala ya huko, anashukia barabarani, kanisa liko upande wa pili, anaingia kwa miguu yake mchana kweupe. Bora achange nauli ya teksi impeleke mpaka gerejini, na ya kuondokea iagizwe iingie vivyo hivyo. Akiisubiri nje ya geti, ameulipia ukuta bure.