Taimingi belti au cheni: ipi huvumilia mateso kwenye gari dogo kuukuu?

Taimingi belti ni mkanda wa mpira na cheni ni mnyororo wa chuma; injini hutumia kimojawapo kuunganisha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) na kemshafti (mhimili unaofungua valvu, yaani milango ya hewa na moshi) ili vizunguke kwa mpangilio. Gari dogo la bei nafuu likizeeka huendeshwa bila huruma: mzigo kupita kiasi, oili imesahauliwa, injini inakanyagiwa mafuta kabla haijapata moto. Wengi husema cheni haifi. Si kweli.

Dereva asiyebadilisha oili ndiye adui wa cheni. Tenshena (vikaza) nyingi za cheni husukumwa na presha ya oili. Oili ikipungua au ikigeuka tope, cheni hulegea na pini zake hulika. Belti kavu, yaani isiyozunguka ndani ya oili, haijali oili chafu, ila sili (kizuizi cha oili) ya krenki au kemshafti ikivuja, mpira hulainika na meno hukatika.

Kwa gharama, belti hupangika. Nyingi hubadilishwa kati ya kilomita 60,000 na 100,000, au mapema zaidi gari likikaa miaka mingi, maana mpira huzeeka hata ukilala. Badilisha pia tenshena, pamoja na pampu ya maji kama inazungushwa na belti hiyo. Cheni kwa kawaida haina ratiba, lakini kuibadilisha ni kazi nzito zaidi.

Cheni iliyochoka hupiga kelele injini ikiwashwa ikiwa baridi. Belti hukatika kimya. Kwenye injini ambazo pistoni hufikia valvu, valvu hupinda papo hapo.

Gari lisilo na kumbukumbu za matengenezo? Kama ni la belti, weka mpya kwanza. Anayechungulia kijiti cha oili kila wiki, cheni itamfaa. Asiyechungulia ila hufuata ratiba ya fundi, belti ina nafuu, ingawa oili mbovu itaila injini yenyewe.