Tope au Hewa: Kuchimba Visima vya Kuchunguza Maji ya Ardhini

Katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, ambako maji hukaa kwenye granaiti iliyomong'onyoka na kupasuka, nyundo inayoendeshwa kwa hewa ya kompresa inafaa kuliko mashine ya tope, yaani inayochimba huku tope likizungushwa shimoni: hupasua mwamba haraka, na nyufa zenye maji zinapofikiwa, maji hurushwa juu pamoja na vipande vya mawe, hivyo mtaalamu huandika kina cha nyufa hizo papo hapo.

Tope la bentonaiti, udongo laini wa mfinyanzi unaochanganywa na maji, lina nafasi yake kwenye mchanga wa pwani, kwa kuwa uzito wake huzuia kuta za shimo zisiporomoke kabla ya bomba na chujio kushushwa. Lakini huficha mahali maji yanapoanzia, huziba vinyweleo vya mchanga, na lisiposafishwa barabara hubadilisha kemia ya sampuli.

Kwa kisima cha kufuatilia uchafuzi, hewa nayo ina hatari zake. Mafuta ya kompresa yasipochujwa huingia shimoni, na hewa yenyewe hupeperusha kemikali nyepesi za petroli, zile zile zinazotafutwa. Hata hivyo, mwamba unaporuhusu, ningechagua hewa, kwa sharti kwamba kisima kisafishwe na kuachwa kitulie kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa.